Masomo ya Kuhama

Watu walimwita Mama Somo, na jina hilo hakupewa bure. Ukimpelekea suruali ipunguzwe urefu, kabla hajakuuliza unataka iishie wapi, atakuambia somo la siku limesema nini. Kanisa lao lilikuwa na mwongozo, kijitabu chembamba kinachotolewa mwanzoni mwa mwaka, chenye somo la asubuhi na somo la jioni kwa kila siku, ili waumini wote wasome kifungu kimoja siku moja, mwenye nacho na asiye nacho. Wengi walikinunua kwa heshima, wakakiweka chini ya televisheni, kikazeekea hapo. Mama Somo yeye alikula nacho na kulala nacho.

Imani yake haikuwa ngumu kueleza. Mtu anayefungua Biblia akajichagulia aya, alisema, ni sawa na mtu anayejipima nguo mwenyewe: mbele atapatia, mgongoni lazima atakosea. Neno halichaguliwi. Neno linakuja, na wewe linakukuta hapo ulipo, ukiwa umevaa au hujavaa. Kwa hiyo kila jambo kubwa la nyumba ile lilisubiri somo. Siku walipotajiwa kiwanja, yeye na marehemu mumewe, somo lilikuwa la Yeremia kununua shamba wakati wenzake wanakimbia vita, wakanunua. Kifungua mimba wao alipopata nafasi chuo cha ufundi, somo lilikuwa la Sulemani kujenga hekalu. Kijana alitaka kusomea umeme. Akasomea ujenzi.

Naye alijenga kweli, hana wa kumlaumu. Sasa alikuwa mkandarasi mwenye mafundi wake na gari la kubebea mchanga, na mtaani walimwita hivyo hivyo, Mkandarasi, hata mama yake alipokuwa na furaha naye.

Habari ya macho ilikuja baadaye. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kisu hakitarudisha kilichokwisha kupotea, lakini kitaokoa kilichobaki. Mkandarasi alilipia kila kitu, kitanda na daktari, akaja jioni kumchukua mama yake ili alazwe. Akamkuta hajafunga hata kanga. Somo, Mama Somo alimwambia, lilikuwa la mwiba wa Paulo: mtume aliyeomba mara tatu aondolewe mwiba mwilini mwake, akajibiwa kwamba neema inamtosha. Yeye ni nani hata ampite Paulo? Mkandarasi alikunywa chai aliyowekewa, akaosha kikombe, akaondoka. Giza halikuwa na haraka. Lilianzia pembeni, likasogea kidogo kidogo kama mtu anayekunja mkeka, mpaka siku moja Mama Somo akamwuliza kitinda mimba wake kama taa imewashwa, naye akanyamaza muda mrefu kuliko swali lilivyostahili.

Tangu hapo kitinda mimba ndiye aliyekuwa macho yake. Alikuwa fundi wa friji, mtu wa mzaha, anaishi chumba cha uani bila kulipa hata senti, na ua wote ameujaza mabati ya friji zilizokufa. Kila asubuhi, baada ya chai, alikaa kwenye kiti cha wateja kando ya cherehani akamsomea mama yake somo. La jioni lilikwisha kuachwa zamani, maana jioni fundi alikuwa na wateja wake. Alisoma vizuri. Sauti yake ilijua mahali pa kupumzika. Akimaliza husema, "Mwisho wa taarifa ya habari," na Mama Somo humkaripia huku akicheka.

Upofu haukumfanya Mama Somo mzigo, si ndani ya nyumba ile. Aliishona nyumba yake mwilini. Kutoka kitandani hadi mlangoni alipapasa ubao wenye mkwaruzo. Kutoka mlangoni hadi bombani aligusa friji ya kwanza, ya pili iliyolala ubavu, kisha ile ndefu isiyo na mlango, hapo akakata kulia. Pindo alishona bado. Uzi aliutia kwenye sindano kwa ulimi, na cherehani aliisikiliza: ikibadilisha mlio anajua ni kitambaa kimekunjika au ni mafuta yamekwisha. Majoho ya kwaya ya kanisa yote yalipita mikononi mwake, na waimbaji walisema hakuna mwenye macho anayeweza kola kama ile.

Lakini aliwahi kukaa wiki moja kwa Mkandarasi, mafundi walipokuwa wakibadilisha mabati ya paa la nyumba yake, na wiki ile hakuisahau. Mkwe wake alikuwa mwema, hakuna alilomtendea baya. Ila nyumba ilikuwa kubwa, ya vigae vinavyoteleza, na kila siku kiti kimehama. Walimkalisha kwenye kochi asubuhi na kumwinua jioni. Akitaka kwenda msalani ilibidi aseme, na akisema ilibidi asubiri, na akisubiri alikuwa akisikiliza watoto wakibishana nani aende na Bibi. Aliporudi kwake aligusa ubao wenye mkwaruzo akakaa pale mlangoni kitambo, mkono ukiwa bado ukutani.

Basi siku Mkandarasi alipokuja na jambo la kubomoa, Mama Somo alijua anaombwa nini hasa.

Mkandarasi alieleza kwa utaratibu, kama anavyoelezea wateja. Nyumba ina ufa, ukuta wa upande wa mtaro unatitia. Mwaka huu au ujao utaanguka. Yeye atabomoa, ajenge ghorofa moja, chini maduka, juu vyumba vya kupangisha, na chumba kimoja cha chini kitakuwa cha Mama. Wakati wa ujenzi ataishi kwake. Kinachotakiwa ni Mama kwenda ofisi ya ardhi kuweka dole gumba, kwa kuwa hati ina jina lake. Kitinda mimba alikaa kando. Alikuwa akifungua na kufunga bisibisi yake ya kukunja.

Mama Somo hakukataa. Alisema atasubiri Neno. Mkandarasi akarudi tena na ramani, akaisoma yote kwa sauti, vipimo na milango, akajibiwa vilevile. Akarudi na fundi wake mzee, wakaushika mkono wa Mama Somo wakauingiza ndani ya ufa mpaka kwenye kifundo. Aliutoa, akaufuta vumbi, akasema Neno likija atawaambia. Mara ya mwisho Mkandarasi aliinuka bila kubishana, akauliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua, kama ni somo la asubuhi peke yake ndilo analosomewa siku hizi. Akaambiwa ndiyo.

Wiki ile Neno likaanza kuja.

Kwanza Abrahamu aliambiwa atoke katika nchi yake na nyumba ya baba yake, aende atakakooneshwa. Mama Somo alisema amina, lakini hakulitilia maanani. Abrahamu huja karibu kila mwaka. Siku iliyofuata wana wa Israeli walikula wamesimama, viatu miguuni, tayari kwa safari. Akasema amina polepole. Kisha yakafuata maneno ya mtume kwamba hapa hatuna mji wa kudumu. Kisha likaja onyo la kumkumbuka mke wa Lutu, ambaye kosa lake lilikuwa kugeuka kuiangalia nyumba yake akawa nguzo ya chumvi.

"Angalau mimi hata nikigeuka sioni kitu," Mama Somo alisema.

"Basi wewe utakuwa sukari," akajibu mwanawe, na wote wawili wakacheka, ingawa cheko la fundi lilikatika mapema.

Aliwasimulia wateja. Mwenye suruali akasema amina, mwenye sketi akasema Bwana ni mwema. Hakuna aliyemwambia kwamba kijitabu chake kinasema kingine, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekifungua. Mtu mmoja tu mtaani ndiye aliyesoma masomo yale kwa uaminifu kama yeye, naye ni Mwalimu wa kwaya, rafiki yake tangu ujana. Lakini Mwalimu alikuwa amesafiri kwenda kumhudumia bintiye aliyejifungua. Jumapili hazikuguswa. Jumapili somo lilisomwa kanisani mbele ya watu, na lilikuwa la mambo mengine kabisa, na Mama Somo aliona hata hilo lina hekima yake: Mungu naye anapumzika siku moja, halafu Jumatatu anaendelea pale alipoishia.

Lililomvunja lilikuwa la Petro. Fundi alilisoma kwa sauti ya chini kuliko kawaida. Petro anaambiwa na Bwana wake kwamba alipokuwa kijana alijifunga mwenyewe na kwenda alikotaka, lakini akiwa mzee atanyosha mikono yake, na mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka.

Hakusema amina siku hiyo. Mwanawe alisubiri ile amina, hakuipata, akaondoka kwenda kazini bila taarifa ya habari. Mama Somo akabaki na mikono juu ya meza ya cherehani. Akainyosha mbele yake hewani, kuona ikoje kunyosha mikono. Halafu akaanza kufungasha. Vitambaa vya akiba alivigawa kwa majirani. Chaki, rula ya mbao, vifungo, vyote alivitia kwenye kopo la maziwa. Mkandarasi alipopiga simu, akamwambia, "Baba, naona Bwana ananihamisha. Panga siku twende huko ardhi." Kimya kilichofuata kwenye simu alikichukua kuwa ni furaha.

Mwalimu wa kwaya alirudi safari akaja kuchukua majoho. Alikuwa mwanamke mnene mwenye pumzi fupi na maneno marefu, anaongea hata akiwa na pini mdomoni. Alipewa chai, akasimulia mjukuu, akasimulia uchungu wa binti, akamsengenya mkwe kwa kiasi kinachofaa. Mama Somo akamwambia kwamba anahama. Mwalimu akaweka kikombe chini. Akaambiwa masomo yote, moja baada ya jingine, Abrahamu, viatu miguuni, mke wa Lutu, mpaka Petro wa juzi.

"Petro wa juzi?" Mwalimu aliuliza. "Petro gani? Sisi hatuko kwa Petro, mwenzangu. Tuko kwa Nehemia."

Mama Somo akamwambia uzee umemwanza. Mwalimu akakataa katakata. Alisema kule kwa bintiye hakuwa na kazi usiku na mchana ila kubeba mtoto na kusoma mwongozo, na ni Nehemia kila asubuhi, wanajenga ukuta, majina matupu, fulani mwana wa fulani akajenga kuanzia hapa, na baada yake fulani akajenga kuanzia pale, Lango la Samaki, Lango la Jaa. "Nimesinzia nao hao watu mpaka nikaota natia maji kwenye zege. Leo ndio wamefika kwenye kusoma torati, watu wanalia. Nimefurahi kuona mtu analia, angalau kuna jambo."

 Mama Somo alilikunja joho lililokuwa mapajani mwake, akalikunjua, akalikunja tena kwa kufuata mikunjo ileile. Mwishowe akamwuliza la kesho asubuhi ni lipi. Mwalimu akatoa kijitabu mkobani, akatafuta miwani, akasema ni Nehemia bado: watu wanakwenda kukata matawi wakajenge vibanda. Mama Somo akamshukuru, akamfungia majoho, akampa salamu za mtoto. Alikuwa mtu asiyekimbilia kuhukumu. Aliwahi kuona vijitabu vikichapwa vibaya, na aliwahi kumwona Mwalimu akishika wimbo mwingine kwaya ikiwa kwenye mwingine.

Asubuhi fundi alikaa kwenye kiti cha wateja, akakohoa, akasoma. Hapakuwa na matawi. Ilikuwa habari ya Isaka: watumishi wake wanachimba kisima, wenyeji wanawagombeza, Isaka anahama, anachimba kingine, wanagombezwa tena, anahama tena, mpaka anafika mahali ambapo hakuna anayemgombeza, akasema sasa Bwana ametupa nafasi. Lilichaguliwa na mtu anayemjua. Hata katika hali ile, Mama Somo aliona limechaguliwa kwa akili: halikuwa la kutisha kama lile la Petro. Lilikuwa la kubembeleza.

"Ndilo somo la leo?" aliuliza.

"Ndilo, Mama."

"La mwongozo?"

Fundi akasema ndiyo mara ya pili, lakini ndiyo hiyo haikuwa na miguu. Mama yake akamwuliza matawi yako wapi. Akamwambia watu wa Nehemia wako mlimani wanakata matawi, yeye Isaka amemtoa wapi. Friji mbili zilizokuwa majaribioni ziliunguruma uani.

Kisha fundi alieleza, na hakuhitaji kusukumwa sana. Kaka yake alikuwa akimtumia kwenye simu, kila jioni, sura na aya, mwanzo na mwisho: anzia hapa, ishia pale. Alimwahidi duka moja la chini, la kona, lenye umeme wa nguvu kwa ajili ya friji. Mwanzoni aliona ni mzaha. Baadaye akaona Mama mwenyewe anaridhika, anasimulia wateja, uso umetulia, akaona basi hakuna aliyeumia.

"Na sikusema uongo, Mama. Sikuongeza hata nukta. Kila neno limo humo ndani, unaweza kumpa mtu yeyote akusomee."

"Limo," Mama Somo alisema. "Ibilisi naye alipompandisha Bwana juu ya hekalu alisoma yaliyomo. Hakuongeza nukta."

Fundi akaanza kulia, mtu mzima mwenye ndevu, na mama yake akamwacha alie. Hakunyosha mkono. Alimwambia tu amwite kaka yake.

Mkandarasi alikuja mchana kutoka kazini, saruji ikiwa kwenye buti. Akamwamkia mama yake kwa adabu, akaitikiwa, akakaa kwenye kiti kilekile cha wateja. Mama Somo alikuwa ameandaa maneno mengi kwa ajili ya mtu atakayekana. Alikuwa amepanga namna ya kumbana, swali kwa swali.

"Umenichagulia masomo," alisema.

"Ndiyo, Mama."

Maneno aliyoyaandaa yakakosa pa kwenda. Akamwuliza kwa nini.

Mkandarasi hakupandisha sauti. Alisema alikuja na mdomo wake akaambiwa Neno linasubiriwa. Alikuja na ramani, Neno linasubiriwa. Alimtia mama yake mkono ndani ya ufa wa nyumba itakayomwangukia akiwa amelala, na bado Neno linasubiriwa. Mtu akiona mlango wa mbele hafunguliwi, atafanyaje? Atazunguka apite ule ambao huwa unafunguliwa.

"Ule ni mlango wa Mungu," Mama Somo alisema.

"Mimi niliona ni wako."

Alimkaripia hapo. Alimwambia amechezea kitu kitakatifu, amemfanya kipofu acheze ngoma ya watu wasioonekana. Kwamba yeye maisha yake yote hajawahi kulichagulia Neno njia, amelifuata lilikompeleka, kwenye nafuu na kwenye dhiki. Mkandarasi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, taratibu sana, siku ile ya macho somo lilikuwa lipi.

"La mwiba wa Paulo. Unalijua."

"La mwiba lilikuwa la jioni. Nakuuliza la asubuhi."

Mama Somo alishika gurudumu la cherehani, ingawa halikuwa likizunguka.

"Ulikwenda jikoni kuniwekea chai," mwanawe aliendelea. "Kijitabu kilikuwa hapo mezani, kimefunguliwa. La asubuhi liko juu, la jioni liko chini, ukurasa mmoja. La asubuhi lilikuwa la yule kipofu aliyekaa njiani. Watu wanamwambia anyamaze, yeye anazidi kupiga kelele, mpaka Bwana anasimama na kumwuliza anataka afanyiwe nini. Naye anasema anataka kuona."

Alilijua. Halikuwa limemtoka hata siku moja, ila alikuwa amelifunika vizuri. Alilisoma asubuhi ile kwa macho yaliyokuwa yamebaki, pua ikigusa karatasi, akaelewa mara moja anaambiwa nini, na hofu ya kisu ikamwingia mpaka akaenda kujilaza. Alikaa na yule kipofu kutwa nzima, anapiga kelele. Jioni alipogeukia somo la pili akamkuta Paulo na mwiba wake, alishusha pumzi kama mtu aliyewekewa dhamana. Akajiambia kwamba la jioni limekuja baadaye, na la baadaye ndilo linalotawala. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Alilipata mwenyewe, palepale.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza.

"Niseme nini? Nikuambie Mungu amekwambia mawili ukachukua moja? Wewe ni mama yangu." Mkandarasi alikwangua saruji kwenye buti kwa kidole. "Na siku ile ndiyo niliona kwamba kumbe inawezekana kuchagua. Miaka yote nilijua haiwezekani. Nimejenga nyumba za watu, Mama, huku nikipita chini ya nyaya za umeme nanyamaza, kwa kuwa Sulemani alijenga. Kumbe hata siku ile ya chuo lilikuwepo la jioni. Nilikwenda nikalitafuta baadaye. Ulinisomea lile lililokupendeza."

Hilo la jioni hakulikumbuka. Alijaribu, hakupata kitu, ila sauti ya mtoto wa kiume akiuliza kama anaweza kusubiri somo la kesho.

 Mkandarasi, kwa kuwa alikuwa mtu wa kumaliza kazi aliyoianza, akauliza sasa wanafanyaje kuhusu nyumba. Mama Somo alipapasa moyoni kutafuta aya, kwa mazoea, kama anavyopapasa mkasi. Alizipata nyingi. Alimpata Nabothi aliyekataa kumuuzia mfalme shamba la baba zake. Alipata onyo la kutohamisha alama ya mpaka wa zamani. Zilikuwa pale zote, zimepangwa, nzuri, na kila moja alipoigusa aliona alama ya mkono wake juu yake.

"Sitaki kuhama," alisema.

"Nani anasema?"

"Mimi. Naogopa nyumba yako. Nikiwa kwako siwezi hata kwenda msalani bila kuitisha mkutano. Hapa nikianguka nitaangukia mahali ninapopajua."

Mkandarasi akasema, "Hilo ungeniambia tangu mwanzo ningelisikia." Mama Somo hakujua kama ni kweli. Huenda hata msemaji hakujua. Mkandarasi aliinuka, akaaga kwa heshima zote, akarudisha kiti ukutani mahali pake hasa, asije mama yake akajikwaa.

Hakuwa mtu wa kulipiza. Wiki iliyofuata alituma mafundi wakaziba ufa na kuujengea ukuta mguu wa zege upande wa mtaro, na hakudai hata shukrani. Lakini mwenyewe hakuja. Alimtuma mkewe na mboga, akatuma salamu, na simu zake zikawa za kuuliza dawa zimebaki ngapi. Kitinda mimba alipewa pa kufanyia kazi upande mwingine wa mji, kwenye jengo jingine la kaka yake, na hakuweza tena kukaa karibu na kile kiti. Alihama na friji zake zote. Walizibeba mchana mmoja, wakicheka na kugombana, na jioni Mama Somo alipotoka kwenda bombani akanyosha mkono kuitafuta friji ya kwanza. Hakukuwa na ya kwanza, wala ya pili, wala ile ndefu isiyo na mlango. Alisimama katikati ya ua wake mwenyewe, mtupu pande zote, hajui kulia ni wapi, mpaka jirani alipomwona kwa juu ya ukuta wa ua akaja kumshika mkono.

Kusomewa alianza kusomewa na Mwalimu wa kwaya, aliyepita kila asubuhi akienda sokoni. Mwalimu alikuwa ameambiwa yote, alikasirika kwa niaba ya rafiki yake, akaapa kwamba yeye atasoma mwongozo kama ulivyo, apende asipende. Na siku za kwanza alisoma kama ulivyo: sensa, ukoo, majina ya walinzi wa malango. Mama Somo alisikiliza akishona. Alisema amina mahali pa amina. Zamani, hata majina yale yalikuwa yakimwambia kitu.

Kisha Mwalimu akaona jinsi rafiki yake alivyokonda, na jinsi wateja wanavyotoka bila kuambiwa somo. Asubuhi moja akasoma juu ya mchungaji na malisho mabichi. Iliyofuata akasoma mwito kwa wote wasumbukao na wenye kulemewa na mizigo. Iliyofuata ikawa ahadi kwamba mama aweza kumsahau mwanawe anyonyaye, lakini Mungu hatasahau. Alisoma kwa sauti nyororo, anapumzika sana, na kila baada ya mstari alinyamaza kidogo kuona kama umeingia.

Mwongozo wa kanisa lao haukuwahi kuwa mpole siku tatu mfululizo. Mama Somo alilijua hilo kuliko mtu yeyote mtaani. Alifikiri kumwuliza, akafikiri jibu litakavyokuwa, na kimya kitakachofuata, na nani atakayepita kesho yake.

"Amina," alisema, akaomba apewe uzi mweusi.